Mahali pa Kukaa Wasindikizaji

Kaka yangu Mwinyimvua Abdulatif alivunja baraza la nyumba yetu kwa mikono yake mwenyewe, ili apate pa kulaza gari. Naanza na jambo hili kwa sababu yeye mwenyewe alianzia hapo kila alipozungumzia maisha yake, na sioni haki kumfichia marehemu kitu ambacho yeye hakukificha. Amefariki mwezi wa Mfungo Mosi mwaka huu, akiwa na miaka arobaini na tisa. Jumamosi iliyopita tumesoma arobaini yake. Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe.

Nyumba yetu iko Gerezani, upande wa karakana za reli. Baba yetu, Mzee Abdulatif, alikuwa fundi wa mabehewa, na baraza lake alilijenga kwanza hata kabla ya kuezeka chumba cha mwisho. Lilikuwa refu, la mawe na saruji, mkono huu wa mlango na mkono ule. Baba alikaa hapo kila alasiri mpaka alipofariki. Baada yake akakaa mama yetu, Bi Chiku. Asubuhi aliuza vitumbua palepale, na jioni hapakukosekana mtu. Mgeni akishuka kwenye treni, akapotea akitafuta ndugu zake Kariakoo, majirani walimleta kwa mama, na neno la kwanza aliloambiwa ni kaa. Alikotoka na anakokwenda aliulizwa baadaye.

Mwinyimvua ndiye mkubwa, mimi Tatu ni wa mwisho. Yeye aliishia darasa la nane, mimi nilifika kidato cha nne, na tangu ujana wetu barua zake zote niliandika mimi. Alikuwa dereva katika shirika la umma lililochukua watalii kutoka uwanja wa ndege. Aliupenda uwanja ule kuliko watu wengine wanavyopenda mpira. Alijua ndege gani inashuka siku gani, abiria wake wanatoka na mizigo mingi au michache, na wanangoja gari muda gani kabla ya kuanza kukasirika. Mama alimtania kwamba akifa azikwe Kipawa, karibu na ndege zake.

Yalipokuja mageuzi, shirika lilipunguza watu, na barua ya kaka ilikuja na jina limekosewa. Wakati ule Kariakoo yote ilikuwa inabomoka na kujengwa upya. Kila mwenye ukuta wa mbele aliutoboa akaweka fremu ya duka. Jirani yetu wa kushoto aliuza taa za magari, wa kulia aliuza rimu. Kaka hakukaa muda mrefu bila kazi. Bwana mmoja wa Mtaa wa Kisutu, Umakant, alikuwa na magari tisa ya kukodisha, na alikuwa anamjua tangu zamani kwa kumwona uwanjani. Alimpa kazi ya kupokea wateja na kuwakabidhi magari. Akampa pia gari jeupe la kulala nalo nyumbani, kwa kuwa ndege za Ulaya zilitua alfajiri.

Sasa gari Gerezani lilale wapi? Ukiliacha njiani usiku, asubuhi unakuta halina taa, na taa zenyewe unaziona kwa jirani, zimefutwa vumbi, zinakungoja uzinunue. Mama alikuwa Magomeni kwenye msiba, amekaa siku tatu. Siku ya pili Mwinyimvua aliazima nyundo karakana, akavunja baraza la mkono wa kulia, akasawazisha, akaweka geti la bati. Mimi nilikuwa naishi Ilala kwa mume wangu. Nilipofika nilikuta kazi imekwisha, na gari limekaa pale mama anapokaa.

Mama aliporudi alisimama akayatazama mawe yaliyorundikwa kando. Hakupandisha sauti.

“Mwanangu, umeondoa watu ukaweka gari,” alisema. “Siku ukiumwa, gari litakuja kukutazama?”

Kaka alimjibu, na jibu lile nilimsikia akilijutia hadi wiki ya mwisho ya uhai wake. Alisema, “Mama, siku hizi watu hawakai. Watu wanatafuta.”

Mama aliingia ndani. Tangu siku ile vitumbua alichoma uani. Jioni alileta kigoda, akakiweka kwenye kipande cha nafasi kilichobaki, kati ya gurudumu la nyuma na ukuta, akakaa hapo peke yake. Baraza la mkono wa kushoto lilikuwepo, lakini halikukaliwa. Kaka alipotoka asubuhi alimwambia shikamoo, naye alijibu marahaba. Zaidi ya hapo hapakuwa na neno. Waliishi hivyo miaka mitatu ndani ya nyumba moja.

Mwaka wa tisini na tano ikaja habari kwamba uwanja wa ndege utapangwa upya upande wa nje, yaani barabara za kuingilia, maegesho, na sehemu ya magari ya kukodisha. Hadi wakati ule mambo yalikuwa holela. Teksi, mabasi, malori ya mizigo na magari ya wakubwa yote yaligombania mlango mmoja. Ofisi ya wapimaji iliyopewa kazi ilitaka kwanza kujua magari mangapi yanaingia kila saa, yamebeba wasafiri wangapi, na yanakaa dakika ngapi. Wenye magari ya kukodisha walitakiwa kutoa mtu mmoja mwenye kuujua uwanja, awasimamie vijana wa kuhesabu. Umakant akamtoa Mwinyimvua.

Msimamizi wa hesabu ile alikuwa mhandisi Elieshi, dada mmoja wa Upareni, kijana, mwenye bidii, ambaye hakutaka kuitwa mheshimiwa. Kaka alimsifu kwamba alishinda juani nao bila kulalamika. Kaka naye alikuwa na mtindo wake. Vijana walichora vistari kwenye karatasi, yeye alihesabu kwa tasbihi ya baba, punje moja gari moja, akifika tisini na tisa anaandika. Alisema punje haimruki mtu kama jicho linavyoruka. Mama alisikia, akasema kwa mtu mwingine ili kaka asikie, kwamba tasbihi ile haikununuliwa kwa ajili ya magari.

Wiki iliyochaguliwa iliangukia katikati ya Ramadhani. Hapa ndipo kosa lilipo, na kaka hakumsukumia mtu mwingine. Watu wa kwetu hawasafiri Ramadhani ila kwa dharura, na hata akisafiri mtu, nani atamsindikiza na futari iko jikoni? Mabasi ya kukodi yaliyoingia wiki nzima yalikuwa manne. Na fomu yenyewe ilikuwa na nafasi ya gari, nafasi ya msafiri na nafasi ya dakika. Basi lilipoleta mtu mmoja anayekwenda Maskati na ndugu zake thelathini, kaka alimuuliza Elieshi wale thelathini waandikwe wapi. Elieshi alisema fomu inataka wasafiri tu. Kaka akaandika basi moja, msafiri mmoja.

“Nilijua, Tatu,” aliniambia baadaye. “Yule dada alikuwa mgeni wa mambo yetu, asingejua. Mimi nilijua. Nilitakiwa niseme ngojeni mwezi wa Hija ndipo mhesabu. Nilinyamaza kwa sababu kila nafasi isiyokwenda kwa mabasi ingekuja kwetu sisi wa magari ya kukodisha.”

Na kweli zilikuja. Mpango ulipotoka, uwanda mkubwa wa mbele, pale watu walipozoea kusimama na wasafiri wao chini ya miti ya mikungu, uligawanywa kwa mistari ya rangi nyeupe. Nafasi arobaini zilipewa magari ya kukodisha. Umakant alipata nane. Barabarani likawekwa geti. Gari dogo lilipita, likashusha msafiri mlangoni na kuondoka mara moja. Basi na lori havikuruhusiwa kuvuka geti. Kwa hesabu iliyoandikwa, mpango ulikuwa mzuri. Foleni ya mlangoni ilikwisha, na watu wengi walisifu. Kaka alinionyesha nafasi zile nane kama mtu anavyoonyesha shamba lake.

Mwaka uliofuata Mwenyezi Mungu alimjaalia mama nafasi ya Hija. Kwetu msafiri wa Hija haondoki kimyakimya. Huzunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kwa maana anakwenda kusimama mbele ya Mola wake na huenda asirudi, na watu nao humwomba radhi yeye. Mama alizunguka wiki mbili, Gerezani, Ilala, mpaka Magomeni. Hata mwenye duka la rimu, ambaye waligombana naye kwa sababu ya takataka, alimfuata, wakasameheana na kucheka. Kwa Mwinyimvua hakwenda. Mtoto ndiye anayemwendea mzazi. Mama alingoja.

Nilimsihi kaka asichelewe. Alinijibu kwamba pale nyumbani hawezi kufungua kinywa. Kila akimwona mama kwenye kigoda pembeni mwa gurudumu, maneno yanamkauka. Akasema, “Nitamwomba uwanjani. Pale ni kwangu, namjua kila mtu. Nitamkalisha mahali, nitapiga magoti mbele ya watu wote, yatakwisha.”

Ilikuwa Aprili, masika yameshika. Tulikodi basi moja, tukajaa mpaka mlangoni, wazee, wajukuu na majirani, na mama mbele kwenye kiti cha dereva msaidizi, amevaa nguo nyeupe. Nyuma yetu kulikuwa na mabasi mengine matano ya mahujaji wa mitaa mingine. Tulipofika getini tukasimamishwa. Mlinzi hakuwa mkorofi. Alisema tu mabasi hayapiti, ndivyo ilivyopangwa. Watu wakaanza kushuka na kutembea kwenye mvua, vikongwe wameshika kanga kichwani, bila banda wala benchi njia nzima. Kiongozi wa mahujaji aliona muda unakwisha. Akaleta gari lake dogo, akawachukua mahujaji wanne wanne, akawapeleka mlango wa pembeni ambako walikuwa wanakusanywa.

Kaka wakati huo alikuwa mlangoni, mahali pa kushushia, amevaa shati lake la kazi, anangoja basi letu. Alipoambiwa mabasi yamezuiwa, alikimbia kuelekea getini kutufuata. Mama alikuwa ndani ya lile gari dogo, anapita upande wa pili wa mistari ile nyeupe. Walipishana. Alipotufikia, amelowa chapachapa, mimi ndiye niliyemwambia mama amekwisha kwenda. Akageuka akakimbia tena. Alimwona kwa mbali kupitia kioo, mgongo mweupe kati ya migongo mingine myeupe. Mahujaji walikuwa wamekwisha vuka ukaguzi, na hakuna aliyeweza kumwingiza kaka.

Mama alifariki Makka, siku ya saba baada ya kufika, kwa homa ya kifua. Alizikwa huko huko. Wenye elimu walitufariji kwamba kifo kile na ardhi ile ni neema, nasi tuliamini, na bado naamini. Lakini kaka hakuweza kula.

Walioondoka na mama walirudi mwezi uliofuata. Kati yao alikuwa Bi Fatuma, shoga yake wa miaka mingi, aliyelala naye chumba kimoja. Kaka alimwendea siku ya pili, nikafuatana naye. Bi Fatuma alitusimulia namna mama alivyougua, namna alivyotamka shahada. Kaka aliuliza kama hakumwachia neno. Bi Fatuma ni mwanamke asiyejua kupamba maneno.

“Kwako hakuniachia neno, mwanangu, sitasema uongo na mimi nimetoka kwenye nyumba ya Mungu,” alisema. “Ila tulipokuwa tunangoja pale mlango wa pembeni, tumesimama na mvua inatunyeshea, alitazama huku na huku akasema, Fatuma, hata hapa hapana pa kukaa.”

Tulirudi nyumbani. Kaka aliliondoa gari pale lilipokuwa, akalipeleka kwenye yadi ya Umakant. Kesho yake alianza kuchota kokoto. Mawe ya baba alikuwa ameyaweka uani, hakuyatupa. Alijenga baraza upya, si fundi, na mpaka leo limeinama kidogo upande wa mlango. Lilipokauka hakulikalia. Alikwenda kwa imamu wa msikiti wetu kuuliza nini afanye mtu ambaye mzazi wake ameondoka bila kumpa radhi. Imamu alimwambia yanayojulikana, kwamba amwombee, atoe sadaka kwa niaba yake, na awatazame marafiki zake kama alivyopaswa kumtazama yeye. Kisha akamwambia jambo la nne. Kama kuna mlango wa dhara umefunguliwa kwa mkono wako, anza kuufunga huo.

Kuanzia hapo kaka alikuwa na mambo mawili. Kila Ijumaa alikwenda kumjulia hali Bi Fatuma na kumpeleka anakotaka. Na alianza kuhesabu tena.

Safari hii hakuna aliyemtuma. Msimu wa Hija uliofuata aliomba likizo, akasimama getini siku kumi na mbili, na mwaka uliofuata tena. Hakuhesabu magari. Kwa kila msafiri mmoja alihesabu waliomsindikiza, akawauliza wametoka wapi na wamengoja muda gani. Jioni alinisomea, nikaandika kwenye daftari kubwa. Hajjati mmoja wa Ilala, wasindikizaji arobaini na wanne, wamesimama saa tatu. Mzee wa Magomeni, thelathini na moja, wawili wameanguka kwa jua. Hakuishia kwa Waislamu. Aliandika padri aliyerudi kutoka masomoni, akapokewa na kwaya na ngoma, malori mawili yamezuiwa barabarani. Aliandika maiti iliyoletwa kutoka Ulaya, mtaa mzima umekuja kuipokea, na jeneza limengojwa na watu waliokaa chini kwenye mchanga. Aliandika pia kijana Urvish, mpwa wa Umakant, aliyekwenda kusoma Uingereza, na watu ishirini na wawili wa familia yake wakiwa na mashada ya maua. Upande wa pili wa daftari aliandika zile nafasi arobaini za magari ya kukodisha. Zilikuwa na magari yanayolala. Gari lililoegeshwa Jumapili liliondoka Jumatano. Aliyafahamu, yalikuwa ya kwao.

Niliandika barua kwa hati nzuri, tukaambatisha daftari, tukampelekea mhandisi Elieshi. Wiki ya tatu alituita ofisini, mjini, karibu na posta. Nilidhani atatetea kazi yake. Aliligeuza daftari taratibu kurasa zote. Halafu akauliza kwa nini kaka hakumwambia haya mwaka ule.

Kaka alisema, “Nilitaka nafasi za magari, dada. Nami nilikuwa nimefunga, nikashukuru kwamba uwanja umetulia.”

Elieshi alitazama dirishani. Akasema mwaka alipokwenda Uholanzi kusoma, baba yake alishuka kutoka Usangi na watu kumi na mmoja, na mbuzi aliyechinjwa jana yake amebebwa kwenye ndoo. “Na bado nikatengeneza fomu isiyo na nafasi yao,” alisema. “Wao walinisindikiza, mimi nikawafuta.”

Alikubali kuandika pendekezo la marekebisho, ila alikuwa mkweli. Eneo lingine halikuwepo. Upande mmoja ni uzio wa ndege, upande mwingine ni barabara ya Pugu. Mahali pangeweza kupatikana kwenye zile nafasi arobaini tu, na wenye nazo wakikataa, pendekezo litalala kabatini. Wa kwanza wa kuulizwa alikuwa tajiri wake kaka mwenyewe.

Tulikwenda Kisutu pamoja, kwa kuwa kaka alitaka mtu wa kusoma daftari. Umakant alitukaribisha chai. Ni mtu mpole, lakini biashara ni biashara. Kaka alimweleza kila kitu, na mpango aliokuwa nao. Magari yalale kwenye kiwanja kule Kipawa, dakika tano tu, na uwanjani zibaki nafasi kumi za makampuni yote kwa ajili ya gari ambalo mteja wake ameshatua. Ndege ikitua, abiria huchukua zaidi ya nusu saa kupata mizigo. Gari litakuwa limefika.

Umakant alisikiliza akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka zamani. “Mwinyi,” alisema, “watu wa Kisutu watasema dereva wangu amenipokonya maegesho yangu mwenyewe. Nikifunga ofisi, wewe utakula wapi?”

Kaka alijibu kwamba hajui. Alisema amekuja akijua anaweza kuondoka hana kazi, na hatamlaumu. Kisha akamwambia kisa cha mama, kwa maneno machache, mpaka pale mlango wa pembeni. Sikuwahi kumsikia akimwambia mtu asiye wa ukoo.

Mke wa Umakant, Mama Jasvanti, alikuwa anakunja nguo chumba cha pili, mlango wazi. Alisema kitu kwa Kigujarati, mumewe akajibu kwa mkato. Ndipo akatoka, akatuambia sisi kwa Kiswahili.

“Mimi siku ya Urvish nilikaa juu ya sanduku lake. Saa mbili nzima. Yeye akanilaumu nimevunja gurudumu la sanduku.” Akamgeukia mumewe. “Na wewe ulikuwa umekaa ndani ya gari lako, kwenye nafasi yako, unasoma gazeti.”

Umakant alicheka bila kutaka. Hakutoa jibu siku ile. Alitufikisha mpaka barabarani, akamwambia kaka aje kazini kesho kama kawaida. Baada ya siku nne alikwenda mwenyewe kukiona kiwanja cha Kipawa. Kuwashawishi wenzake kulichukua karibu mwaka mzima, na wawili walikataa mpaka mwisho. Lakini saini zilitosha.

Mwaka wa tisini na tisa nafasi thelathini ziliondolewa. Rangi nyeupe ilikwanguliwa, ingawa ukitazama vizuri bado inaonekana. Wakajenga banda refu la mabati, wazi pande zote, mabenchi kumi na mawili ya saruji, na mabomba ya maji kwa atakayetaka kutawadha au kunywa. Mabasi yakapewa mlango wao na mahali pa kugeuzia. Hapakuwa na sherehe. Kaka alinipeleka siku saruji ilipokauka, akanionyesha. Nilimwambia akae. Alisema bado. Aliwaleta kwanza kina Bi Fatuma, akawakalisha, akawanunulia soda. Bi Fatuma aligonga benchi kwa kiganja, akasema ni gumu lakini linakalika. Yeye alisimama tu.

Mimi sikuwahi kumwona kaka akikaa pale, wala kwenye baraza la nyumbani. Nilidhani anajiadhibu, nikamgombeza. Alisema hajiadhibu, anamwachia nafasi mwenyewe.

Kisukari kilimwanza mwaka jana na hakikumchukua muda. Ramadhani alifunga siku tisa tu. Siku nne kabla ya kufariki aliniomba nimfungulie mlango wa mbele, aone nje. Barazani walikuwepo watu, kama kawaida siku hizi. Mwenye duka la rimu, mafundi wawili wa karakana, na mwanamke mmoja mgeni mwenye mzigo, sijui alikuwa anamngoja nani. Kaka aliwatazama muda mrefu. Akaniuliza, “Tatu, unadhani ameniwia radhi?”

Nilikuwa na majibu mengi ya kumfariji, na yote niliyasoma na kuyasikia kwa wenye elimu. Nilimwambia sijui, lakini ninamwomba Mungu iwe hivyo kila sala. Alisema hilo linamtosha. Kisha akaniomba tasbihi ya baba, akashika punje, safari hii akihesabu kinachopaswa kuhesabiwa kwayo.

Katika mazishi Umakant na Mama Jasvanti walikaa barazani toka asubuhi mpaka wanaume waliporudi kutoka makaburini. Mhandisi Elieshi alikuja amefunga kitambaa kichwani. Hakujua wapi pa kuingia, Bi Fatuma akamvuta akamkalisha karibu yake.

Juzi, siku mbili baada ya arobaini, mahujaji wa mtaa wetu waliondoka, nami nilikwenda kuwasindikiza. Basi letu lilipita mlango wa mabasi bila kuulizwa. Chini ya banda palijaa, watoto wanakimbizana, watu wanakumbatiana na kulia. Nilipata pa kukaa mwisho wa benchi la nne. Nilikaa pale nikamsomea kaka Fatiha, na mama, na baba.

Nilipoinua uso nilimwona bibi mmoja amevaa nyeupe, amesimama, anatafuta pa kukaa, na mwanawe mtu mzima amemshika mkono. Benchi zote zilikuwa zimejaa. Niliinuka nikamwambia, “Karibu, mama, kaa hapa.”

Alikaa, akashusha pumzi, akanishukuru. Mwanawe alichutama mbele yake kwenye saruji, akamshika mikono yote miwili, akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini. Nikasogea pembeni, nisisikie.